Masizi kwenye Kanzu: Kweli na Uzushi Kuhusu Taito Zisizo na Usuli

Taito ya video hupimwa juu ya kanzu. Lamu kanzu hazina uhaba: siku za Maulidi, nje ya Msikiti wa Riyadha na kule goma linakochezwa, wanaume husimama safu nzima na bakora zao, na mwenye kamera hurudi nyumbani na klipu zilizojaa weupe. Kanzu nyeupe, kuta za chokaa, tanga la jahazi likipita Shela, jua la saa saba mchana lisilo na huruma. Juu ya weupe huo ndipo jina la bwana harusi au la kikundi cha dufu linapotakiwa kuingia likicheza, likae sekunde tano, liondoke. Taito iliyotolewa vibaya inaweza kujificha juu ya klipu ya usiku. Juu ya kanzu haijifichi.

Na kazi hii ni nyingi kuliko mtu wa nje anavyodhani. Katika harusi za Lamu upande wa wanawake, kupamba hasa, si wa kurushwa hadharani. Familia nyingi hazitaki hata picha moja itoke. Kinachobaki cha kutumiana ni klipu ya bahari, mlango wa nakshi, mashua zilizofungwa gatini, na majina ya maharusi yakiibuka juu yake. Kwa ambaye hakualikwa, taito ndiyo harusi yenyewe.

Mara nyingi taito hutengenezwa kwa mtu mmoja na kutumiwa kwa mwingine. Huyu ana After Effects au Blender kwenye laptopu, mwenzake anahariri harusi kwa DaVinci Resolve, wa tatu anamalizia kwenye simu. Faili likipita mikono mitatu, maneno nayo huzuka: fanya hivi, usifanye vile, fulani wa Mombasa alisema. Tuyapime yale yanayosikika zaidi.

“Uwazi maana yake hakuna kitu. Futa rangi ya nyuma, imekwisha.”

Si kweli. Picha ya kawaida ina namba tatu kwa kila pikseli: nyekundu, kijani na buluu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kusema “hapa pako wazi”. Ukizifanya zote sifuri unapata weusi. Ukizijaza zote unapata weupe. Ili programu ijue kwamba pikseli fulani inapaswa kuonyesha kilicho chini yake, lazima iwepo namba ya nne inayosema ni kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo alfa. Katika picha ya biti 8 huanzia 0, pikseli isiyoonekana kabisa, hadi 255, pikseli iliyofunika kila kitu. Katikati ya hapo ndimo zinamokaa kingo laini za herufi, vivuli, na jina linalofifia polepole.

Namba hiyo ina umri wake. Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliiingiza katika picha za kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1970 wakiwa New York Institute of Technology. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa Lucasfilm, wakachapisha makala iliyopanga hesabu za kuweka picha moja juu ya nyingine, na hesabu hizo ndizo zinazotumika hadi leo ndani ya programu za kuhariri, za bure na za kulipia. Mwaka 1996 wote wanne walitunukiwa kwa kazi hiyo na wale wale watoao tuzo za Oscar.

Kwa hiyo uwazi ni data. Huandikwa, huhifadhiwa, hubebwa kutoka programu moja hadi nyingine, na popote pasipo na nafasi ya kuiweka hutupwa bila taarifa. Uzushi mwingi unaofuata umetokana na kulisahau hilo.

“MP4 ukiitoa kwa ubora wa juu kabisa, itabeba uwazi.”

Si kweli. Ongeza ubora, panda hadi 4K, iache irende usiku kucha. MP4 ya kawaida hubeba video ya H.264, na H.264 kama programu zetu zinavyoitumia haina pa kuiweka ile namba ya nne. Utaamka na maandishi mazuri sana juu ya weusi.

Wengine wakishaambiwa hivyo hukimbilia upande wa pili: basi itoe kwa MOV, MOV ndiyo yenye uwazi. Hilo nalo ni nusu ya maneno. MOV ni chombo. Kinachoamua ni kilichotiwa ndani. iPhone hurekodi MOV kila siku na hamna alfa ndani yake. Kinachotakiwa ni kodeki, yaani namna ya kuibana video, inayobeba alfa: ProRes 4444, ambayo Apple waliitoa mwaka 2009 (ile ProRes 422 ya mwaka 2007 haibebi, hata iandikwe HQ), DNxHR 444 ya Avid, CineForm ya GoPro, au ile kodeki kongwe ya QuickTime iitwayo Animation. Nje ya MOV iko njia ninayoipenda kuliko zote, mlolongo wa picha za PNG, kila fremu na faili lake. Nitairudia.

Hata kodeki ikiwa sahihi, programu nayo lazima iambiwe. After Effects, kwenye mipangilio ya kutoa, ina mahali pa chaneli. Pakibaki RGB peke yake alfa haitoki, lazima pasomeke RGB + Alpha. DaVinci Resolve ina kisanduku cha Export Alpha kinachosubiri tiki. Blender ina Transparent chini ya Film, kisha RGBA kwenye mipangilio ya faili. Ukisahau, katika zote tatu matokeo ni hayohayo. Na usisahau kuiondoa ile karatasi nyeusi uliyoiweka chini ya taito ili uione vizuri ulipokuwa ukiitengeneza. Hilo halisemwi sana kwa sababu ni la aibu, lakini ndilo linalokula saa za watu.

“Nimelifungua faili, nyuma ni nyeusi. Limeharibika.”

Mara nyingi si kweli. Programu ya kuchezea video lazima ionyeshe kitu mahali palipo wazi, na nyingi huonyesha weusi. Faili lenye alfa nzima na faili lililopoteza alfa huonekana sawasawa ukiyafungua hivyo. Kipimo ni kimoja: liweke faili kwenye mstari wa juu wa programu ya kuhariri, chini yake weka klipu yenye mwanga, utazame. Bahari ikionekana, faili ni zima.

Kuna na uzushi wa kinyume, kwamba picha yenye ile drafti ya kijivu na nyeupe nyuma yake lazima iko wazi. Mtu anatafuta nembo au Bismillah iliyoandikwa vizuri, anaiona na drafti yake, anaishusha, anaiweka kwenye video, na drafti inaingia nayo mpaka kwenye harusi. Drafti hiyo ilichorwa, ni sehemu ya picha. Ikiwa jina la faili linaishia na JPG huna haja hata ya kujaribu, maana JPEG haina mahali pa alfa. PNG inayo, lakini kuwa na nafasi na kuijaza ni mambo mawili.

“Ukingo wa kijivu unaozunguka herufi ni kosa la fonti.”

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo kosa linaloonekana zaidi Lamu na linaloeleweka kidogo zaidi.

Mama wa bwana harusi hatauliza habari za kodeki. Ataitazama klipu mara moja na kusema: “Mwanangu, mbona jina lina masizi?” Naye atakuwa amesema kweli. Kuna uzi mwembamba wa kijivu unaozifuata herufi pande zote, hauonekani juu ya bahari ya jioni, lakini jina likipita juu ya kifua cha kanzu unajitokeza wote.

Sababu yake ni kwamba kuna njia mbili za kuiandika alfa. Chukua pikseli moja ukingoni mwa herufi nyeupe, pale ambapo herufi imeifunika nusu tu. Njia ya kwanza, ambayo programu huiita Straight, huandika rangi kamili, 255, na pembeni yake alfa ya 128, yaani nusu. Njia ya pili, Premultiplied, huizidisha rangi kwa alfa kabisa kabla ya kuiandika, hivyo rangi inaandikwa 128 na alfa 128. Mafaili yote mawili ni sahihi. Kasoro iko kwa anayesoma. Programu inayopokea ikilidhania faili la pili kuwa la aina ya kwanza, itazidisha tena: nusu ya 128 ni 64. Weka sasa juu ya kanzu, ambayo ni 255. Nusu ya kanzu ni kama 127. Jumlisha na 64, unapata 191. Ilipaswa kurudi 255, nyeupe juu ya nyeupe, jicho lisione kitu. Badala yake umepata kijivu, na kijivu hicho kikizunguka kila herufi ndiyo masizi ya yule mama.

Rudia hesabu juu ya weusi. Ilipaswa kuwa 128, umepata 64. Herufi imekonda kidogo ukingoni, na hakuna atakayegundua. Ndiyo maana mtengenezaji huweza kuapa kwamba faili lake halina tatizo. Alilijaribu juu ya skrini nyeusi, na juu ya weusi kosa hili halina sauti.

Kosa la upande wa pili lipo pia: faili la Straight likisomwa kama Premultiplied, kingo huwaka na kuwa kali kuliko herufi yenyewe. Ukiona herufi zimekwaruzika na kung'aa pembeni juu ya klipu ya usiku, ni hilo.

Dawa haihitaji kurenda upya. Katika After Effects lichague faili, uende Interpret Footage, ubadilishe aina ya alfa. Katika Resolve iko chini ya Clip Attributes. Ni sekunde chache. Kinachochukua muda ni kujua kwamba mahali hapo papo. PNG, kwa kanuni zake tangu ilipokubaliwa mwaka 1996, huandika kwa njia ya kwanza, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuipendelea pale ambapo faili litapita kwa watu wasiojuana.

Wapo wanaoongeza kivuli cheusi chini ya herufi ili masizi yasionekane. Hufaulu, kwa sababu weusi ni sifuri, na sifuri izidishwe mara moja au mbili hubaki sifuri. Kivuli hakiharibiki na kinaufunika ukingo ulioharibika. Sioni ubaya wake, maana juu ya ukuta wa chokaa herufi nyeupe huhitaji kivuli hata hivyo. Lakini ujue unaficha nini.

“Kwa nini nihangaike? Naweka kijani nyuma, naifuta kule mbele. Ni kitu kilekile.”

Nusu kweli. Programu nyingine za simu hazisomi faili lenye alfa kabisa, na hapo kijani huwa ndiyo njia pekee. Kwa herufi kubwa, nene, zisizo na kivuli, hutoka vizuri tu.

Shida ni kwamba taito ya kijani hutolewa kama MP4, na video ya kawaida ya MP4 huhifadhi mwanga kwa ukamilifu lakini rangi hupunguzwa. Fremu ya 1920 kwa 1080 huwa na rangi za 960 kwa 540 tu, robo ya pikseli zote. Macho hayaoni hasara hiyo kwenye sura ya mtu. Kwenye ukingo wa herufi nyembamba kijani na nyeupe huchanganyika, na ukiifuta kijani, ama unabaki na utando wa kijani ama unakata kipande cha herufi. Kivuli laini ndicho huumia zaidi: kimeshalowa kijani, na hakuna hesabu itakayokirudisha.

Tena kuna la kwetu. Kijani ni rangi ya Maulidi. Ukitengeneza taito yenye ua la kijani, kuba la kijani, au nembo yenye bendera ya Kenya ndani yake, kisha ukaifuta kijani, utafuta na hivyo. Ukilazimika, weka rangi ambayo haimo kabisa katika taito, zambarau kali kwa mfano, na programu nyingi zitakubali kufuta rangi yoyote utakayoichagua.

Njia nyingine ya mkato ni kuweka taito nyeupe juu ya nyeusi na kutumia hali ya kuchanganya iitwayo Screen, inayoufanya weusi upotee. Kwa moshi, cheche na miale ya jua ni nzuri mno. Kwa maandishi juu ya kanzu haifai, kwa sababu Screen haiwezi kutia giza. Herufi itayeyukia kwenye weupe na kivuli chake hakitakuwepo kabisa. GIF nayo isahau. Ina rangi 256 kwa kila fremu, na pikseli yake ama ipo ama haipo, hakuna katikati, hivyo kingo hutoka kama zimetafunwa.

“Alfa ina maana ya faili kubwa.”

Kweli, lakini si lazima. Kwa vipimo vya Apple wenyewe, ProRes 4444 ya 1920 kwa 1080, fremu 29.97 kwa sekunde, hulenga megabiti 330 kwa sekunde kabla hata ya kuongeza alfa. Hiyo ni takriban megabaiti 41 kila sekunde. Taito ya sekunde kumi inafika megabaiti 400 na ushei. Kwa mtu anayenunua bando, hilo si faili la kurusha hovyo.

Lakini taito kwa kawaida ni uwazi mtupu na mstari mmoja wa maandishi, na PNG hubana uwazi huo karibu usichukue nafasi. Sekunde tano kwa fremu 25 ni picha 125, nyingi zikiwa nyepesi. Kuna faida nyingine ambayo kisiwani ina thamani yake: umeme ukikatika kwenye fremu ya 90, fremu 89 ziko salama kwenye diski na unaendelea ulipoishia. Faili moja la MOV likikatwa katikati, mara nyingi halifunguki. Fremu moja ikitoka mbaya, unairudia hiyo hiyo.

Ziko na kodeki ndogo zinazobeba alfa. VP9 ndani ya WebM hufanya kazi vizuri kwenye vivinjari na kwenye OBS, programu ya kurushia matangazo, kwa hiyo anayerusha Maulidi mubashara na anataka nembo ipite juu ya picha atafanya vyema kuijua. HEVC yenye alfa, ambayo Apple waliileta mwaka 2019, hufaa mkiwa nyote mna vifaa vya Apple. Kwa kupeana mafaili kati ya wahariri wenye programu mbalimbali sizipendekezi. Kila mmoja atakuwa na sababu yake kwa nini halifunguki.

“Nitumie kwa WhatsApp tu.”

Inategemea umetuma vipi. Ukiituma kama video, WhatsApp huibana upya na alfa haifiki. PNG ikitumwa kama picha hugeuzwa, na palipokuwa wazi hupakwa rangi. Tuma kama dokumenti, na faili litafika lilivyo. Tangu mwaka 2022 dokumenti inaweza kufika gigabaiti 2. Mlolongo wa PNG ufunge kwanza katika faili moja la zip, la sivyo picha 125 zitafika kwa mpangilio wao wenyewe. Na kama mpokeaji yuko Lamu na wewe uko Faza au Kizingitini, flashi mkononi mwa mtu anayepanda boti bado ni njia ya heshima.

“Maandishi ya Kiarabu yalikatika kwa sababu ya alfa.”

Si kweli. Alfa imesingiziwa. Hapa pana jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi, maana wanaoyatengeneza hawaandiki kwa herufi hizo. Kwetu, Bismillah, aya, au majina ya maharusi kwa herufi za Kiarabu ni kawaida kwenye taito, na watazamaji wanasoma. Kisiwa jirani cha Pate ndicho chenye Siyu, mji uliosifika kwa wanakili wa misahafu; herufi iliyoachana na mwenzake hapa haipiti.

Herufi za Kiarabu hubadili umbo kwa kutegemea ziko mwanzo, katikati au mwisho wa neno, na huenda kulia kwenda kushoto. Programu isiyojua hilo huziweka moja moja, zimetengana, na pengine kwa mpangilio wa kinyume. Katika baadhi ya programu za Adobe kuna mpangilio wa injini ya maandishi unaotakiwa uwekwe kwenye chaguo la lugha za Asia Kusini na Mashariki ya Kati. Ikishindikana, yaandike maneno katika programu inayoyaunganisha vizuri, Inkscape kwa mfano, ambayo ni ya bure, yatoe kama PNG yenye uwazi, kisha uyachezeshe kama picha.

Kuyachezesha nako kuna adabu yake. Michezo iliyotengenezwa tayari mingi huingiza herufi moja moja kutoka kushoto, na kwenye Kiarabu hilo huvunja neno hata kama injini iko sawa. Lichezeshe neno zima, au lifunue kwa pazia kutoka kulia. Acha nafasi juu na chini. Fataha na shada hukaa juu sana, na ukilibana fremu kwenye herufi zenyewe, alama hizo hukatwa. Mwenye macho atasoma neno jingine.

“Fremu 25 au 30, hakuna atakayeona.”

Kwenye picha iliyotulia, kweli. Kwenye maandishi yanayotembea, si kweli. Kenya ilirithi mfumo wa PAL wa fremu 25 na umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo kamera nyingi huwekwa 25. Simu nyingi hurekodi 30 bila kuulizwa. Taito ya 25 ikiwekwa katika mradi wa 30, programu hurudia fremu moja katika kila tano, na jina linaloteleza litakwama kidogo kidogo mpaka mwisho. Uliza kwanza mradi ni wa fremu ngapi. Uliza pia kama video ni ya kulala au ya kusimama, maana taito ya 1920 kwa 1080 haifai kitu kwenye video ya TikTok.

“Mhariri wa kweli hutoa taito zake zote na alfa.”

Si kweli, na huu ndio uzushi ninaotamani ufe kwanza. Ikiwa taito na video zinatengenezwa katika programu moja, na mtu mmoja, hakuna sababu ya kuitoa taito peke yake. Iandike hapohapo juu ya klipu. Ukikosea jina, na majina ya ukoo hukosewa, unalirekebisha kwa sekunde. Ukiwa umeshalitoa, unarudi kuanza upya. Kutoa na alfa kuna maana pale taito inapotoka kwa mtu mwingine au programu nyingine, pale nembo moja inapotumika kwenye kila video ya mwaka, na kwenye matangazo ya mubashara.

Mteja naye hahitaji alfa. Video ya mwisho inayokwenda YouTube au kwenye flashi ya familia ni MP4 ya kawaida, kila kitu kimeshakuwa kimoja. Mteja akikuambia anataka “video yenye uwazi”, muulize anataka kuiweka juu ya nini. Mara nyingi atakuwa anataka nembo yake tu, na PNG moja inamtosha.

Ewe unayempa mwenzako taito, mwandikie kwenye jina la faili mambo manne: kodeki, ukubwa, fremu kwa sekunde, na aina ya alfa. Jina kama arusi_prores4444_1080_25_straight.mov halivutii, lakini litamzuia mwenzako kukupigia saa tano usiku kuamkia siku ya nikaha.